Picha Isiyo na Mtu

Kariakoo, Dar es Salaam
Mfunguo Tatu 24, mwaka 1352
(kwa hesabu ya serikali, Aprili 1934)

Kwa ndugu yangu Mauza binti Nasor, Bagamoyo

Hajafa. Hilo kwanza, Mauza, kabla ya salamu, maana namjua huyo dereva wa lori, atakuwa ameshakufikishia msiba na sanda juu. Mwanao Fikirini hajafa. Yuko humu kwangu, chumba cha kulia ukiingia, kile alicholala marehemu mume wangu alipobanwa na pumu, na dirisha lake mpaka leo halifungi, nimemwambia fundi mara ngapi. Amelala, anapumua, nimetoka kumsikiliza sasa hivi.

Damu uliyoambiwa ilikuwapo, sikufichi. Lakini nyingi haikuwa damu, ilikuwa rangi. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Unamjua bwana wake, Yani, yule Mgiriki wa tanuri la mikate. Jioni mikate ikishaisha, huwa anachora. Hachori kwa penseli, anachora kwa rangi ya mafuta, anaiminya kutoka kwenye virija vya bati, anaipaka kwenye turubai kwa kisu kama mtu anayepaka siagi. Basi kamaliza picha moja kubwa, urefu wake kama mlango. Kamwambia Fikirini: ipeleke Kariakoo kwa seremala Mhindi aitie fremu. Rangi haijakauka. Mafuta yale hayakauki upesi, Mauza, si kama chokaa. Fikirini kaifunika shuka, kajitwika, mvua ikamkuta njiani. Alipofika sokoni shuka limelowa, limegandana na rangi, na kanzu yake nyeupe, ile uliyomshonea ya Idi, ni nyekundu kuanzia kola mpaka chini.

Nawe unajua mji ulivyo siku hizi. Kila kona mumiani, mumiani. Eti wako watu wanatumwa na Wazungu kukamata watu na kuwanyonya damu ikafanywe dawa. Mpangaji wangu Zena, anayeuza vitumbua, mumewe Mgeni alitoka nyumbani kabla ya mvua na hajarudi, na Zena hana wimbo mwingine: Mgeni wangu kanyonywa, Mgeni wangu kanyonywa. Nilimwambia, wewe, Mgeni alikuwa mwembamba vile, wangemnyonya nini? Ghanim anayeniandikia anacheka. Andika, baba, usicheke.

Zena ndiye aliyemwona wa kwanza. Akapiga ukelele, kaacha na vitumbua motoni. "Huyo! Damu hiyo! Anatoka kuchinja!"

Watu wakajaa. Na si watu wa mbali, ndugu yangu. Wachukuzi, wauza nazi, kinyozi, watu anaokula nao ugali kila siku ya Mungu. Fikirini bado anacheka, anadhani utani. Anawaambia ni picha hii, picha ya bwana. Wakamwambia tuonyeshe. Akavuta shuka.

Laiti ingekuwa picha ya mtu! Ingekuwa hata picha ya punda wangecheka wakaenda zao. Lakini ile haina mtu, haina nyumba, haina mti. Nyekundu imetapakaa, nyeusi imechanika katikati, na meupemeupe kama mfupa unapochomoza. Basi. Wakauliza, picha ya nini hii? Mwanao, kwa ukweli wake usiokuwa na akili, akawajibu: "Bwana kasema ni mtu anayeraruliwa."

Mauza, alijihukumu kwa mdomo wake. "Kakiri! Kakiri mwenyewe!" Karai la kwanza lilimpata kichwani. Akaanguka juu ya picha, wakampigia palepale, kwa miguu, kwa mizani, kwa vifuu. Waliokuwapo wanasema alikuwa anawaita kwa majina mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa natwanga. Nimesikia jina lake, nimetoka na mchi mkononi, magoti haya yanayonisumbua sijui siku ile yalikuwa ya nani. Wa kwanza nilimpiga mgongoni, akalia kama mbuzi. Wa pili kiunoni. Lakini walikuwa wengi. Nikamlalia mwanao. Nikashika pindo la kanga yangu nikawaambia: "Sogeeni tena hatua moja, navua! Navua nguo zote, muone uchi wa mama yenu, kisha mkaoe muone mtazaa nini!" Hapo wakarudi nyuma. Mwanaume gani anataka laana ya kikongwe?

Ana uvimbe kidogo usoni. Atapona. Usije, bonde la Jangwani limejaa maji, ni tarishi tu anayethubutu kuvuka.

Nduguyo,
Mwanamize binti Nasor
(ameandika Ghanim wa duka la kona)


Bagamoyo
Mfunguo Tatu 28, 1352

Dada Mwanamize, shikamoo.

Barua yako imefika. Maneno yamejaa karatasi mbele na nyuma, na mwanangu sikumwona humo. Umenieleza dirisha, umenieleza vitumbua. Hukunieleza kwa nini Fikirini hakunitumia neno. Mtoto yule hata alipougua ndui alinitumia salamu. Uvimbe kidogo haumzuii mtu kusema "mwambieni mama nipo".

Nakuuliza mambo mawili, na usinizungushe.

La kwanza, ana nini hasa?

La pili, Hamis alikuwa wapi? Nimekukabidhi wanangu wawili. Fikirini ni boi wa Mzungu, mikono yake laini, sikumtegemea kupigana. Lakini Hamis ni mchukuzi wa sokoni hapohapo, anabeba magunia mawili bila kuguna. Nduguye anapigwa sokoni, yeye yuko wapi?

Na hiyo picha ya kikafiri ichome. Naambiwa umeiingiza nyumbani. Umerukwa na akili?

Mguu wangu umefura, siwezi kutembea, na lori haziji kwa ajili ya mito. Barua hii anakuja nayo tarishi kwa miguu. Mwandikie majibu palepale.

Mdogo wako,
Mauza


Kariakoo
Mfunguo Nne 3, 1353

Mauza ndugu yangu,

Marahaba. Tarishi kafika kalowa mpaka kofia, nimempa chai.

Haya. Taya limevunjika. Nilitaka uvimbe upungue kwanza ndipo nikwambie. Dakta Mhindi kalifunga kwa kitambaa kuzunguka kichwa, kakaza, hawezi kufumbua mdomo. Ulimi kauma mwenyewe. Meno ya mbele hana. Jicho la kushoto dakta anasema tusubiri, na mimi nimeona uso wa dakta, hatusubiri kitu. Uji anaunyonya kwa bua la papai. Akitaka kitu anagonga kikombe. Hospitali sikumpeleka, maana njia inapita sokoni, na walewale bado wako sokoni. Sasa umejua. Lia, kisha unywe maji.

Askari walikuja kuuliza nani alipiga. Mtaa mzima haukuwapo siku ile. Kinyozi alikuwa msikitini, muuza nazi alikuwa mazishini, hata sijui ya nani. Wakamwuliza Fikirini, gonga kikombe tukitaja jina. Wakataja watu kumi na ngapi. Hakugonga. Kawageuzia uso ukutani.

Hamis yupo, anafanya kazi. Siku ile alikuwa Ilala kapeleka mzigo wa chumvi. Usimfikirie vibaya.

Sasa nikueleze habari ya Mgiriki. Alikuja na motokaa yake, watoto wakakimbia wote. Kabeba mikate miwili na supu. Kakaa kwenye mkeka, mtu mkubwa yule, magoti yamemfika masikioni, kamshika Fikirini mguu, akalia. Sijamwona Mzungu akilia. Wanalia kama sisi, pua nayo inatoka.

Nikamwuliza, bwana, picha yako ni ya nini iliyotaka kuniulia mtoto? Akanieleza, Kiswahili chake kibovu lakini kinafika. Anasema kwao, zamani hizo kabla hata ya Nabii Isa, walikuwa wakiabudu miungu, wanaume kwa wanawake, astaghfirullah. Palikuwa na mwindaji, kijana, ana mbwa wake wengi, kawalea kwa mkono wake. Siku moja porini kamkuta mungu mke mmoja anaoga. Hakukusudia, kapita tu. Yule mke kakasirika kuonwa uchi, kamrushia maji, akamgeuza paa. Mbwa wakanusa paa. Akakimbia, wakamkamata. Akawa anawaita, kila mmoja kwa jina lake, lakini kinywani inatoka sauti ya mnyama. Wakamrarua vipande vipande.

Kisha nikamwuliza, mbwa hawakujua hata baadaye? Akasema hapana. Hadithi inasema walipomaliza walizunguka msitu mzima wakimtafuta bwana wao, wanalia.

Nikamwambia, basi si ungechora mbwa, bwana! Ungechora paa! Watu wangeona mbwa na paa wakaenda zao. Akasema, "Mama, nikichora mbwa, watu watatazama mbwa. Mimi nilitaka waone kuraruliwa." Nikamwambia wameona.

Picha alitaka kuichukua. Imekanyagwa, Mauza. Rangi ilikuwa mbichi wakati ule wanampiga juu yake, sasa imeganda na nyayo zao ndani, viatu, visigino, vidole vya miguu mitupu, kama udongo wa kisimani. Akaitazama muda mrefu, akasema hataifuta, sasa ndiyo imekamilika. Watu wana mambo! Mimi nikainama na mimi kutazama zile nyayo, moja baada ya moja, na pale pembeni

Tuyaache. Nimemwambia aiache hapa kwangu. Nimeigeuzia ukutani, na mtu haigusi. Usiniambie tena niichome, si mali yangu.

Ulie kidogo, usilie sana, una mguu mbovu.

Nduguyo,
Mwanamize


Bagamoyo
Mfunguo Nne 9, 1353

Dada,

Nimelia. Maji nimekunywa. Sasa nisikilize.

Mwambie Ghanim barua hii aisome kwa sauti, Hamis akiwapo, asiruke neno.

Hamis mwanangu. Nimeambiwa ulikuwa Ilala. Vyema. Lakini umesharudi kutoka Ilala, na jua limechomoza na kuchwa mara nyingi, na aliyemvunja taya nduguyo anatembea sokoni na mikono yake miwili. Unamjua. Wachukuzi wanajuana. Usiniambie humjui.

Baba yenu alipokufa nilikuwa na mimba yako. Fikirini alikuwa mtoto, alikwenda kuokota nazi shambani kwa watu nikala, wewe ukapata maziwa. Hilo nilikuwa sijakwambia.

Basi nakwambia mbele ya mama yako mkubwa wa damu yangu na mbele ya mwandishi: mkono uliomvunja Fikirini, nataka uvunjwe. Simtaki roho, namtaka mkono. Mpaka siku nitakayosikia umevunjwa, radhi yangu huna. Ukinijia nitafunga mlango. Ukifa kabla yake, usinitarajie kwenye kilio.

Nimemaliza.

Mama yako,
Mauza


Kariakoo
Mfunguo Nne 17, 1353

Mauza, kaa chini. Huyo anayekusomea naye akae. Akifika mahali akasita, mwambie aendelee.

Barua yako ilifika siku ya soko, watu wamejaa barazani kwangu. Na siku hiyohiyo asubuhi, sikia maajabu, Mgeni karudi. Ndiyo, Mgeni wa Zena, aliyenyonywa! Katoka Kilosa kwenye mkonge, alikimbia deni la kodi na maneno ya mkewe, mikono imechanikachanika kwa miiba, amenenepa. Katokea sokoni na kifurushi chake anasalimia watu, "Hamjambo?" Hakuna aliyesema tulikosa. Kinyozi kainama kwenye kichwa cha mteja kama anasoma. Zena kazimia, alipozinduka kachukua sahani ya vitumbua kaja kwangu, kaiweka mlangoni mwa Fikirini, hakuingia. Sikuvila. Niliwapa kuku.

Basi barazani wamekaa wanamzungumza Mgeni, na Hamis yuko nao, kakaa mwisho, peke yake. Ghanim kafungua barua. Tunavyosoma barua zetu unajua, mtu anasoma kwa sauti, kila mtu anasikia, nani atajifungia na karatasi? Niliposikia mwanzo wake tu, nikamwambia Ghanim iache, tutasoma jioni. Lakini Hamis akasema, "Mama kasema isomwe nikiwapo. Mimi nipo." Na Ghanim, ah, huyu hapa, kainamisha kichwa, simlaumu. Alisoma.

Ilipokwisha Hamis akasema, "Rudia pale pa radhi."

Kasoma tena. Hamis akasimama, akafunga shuka kiunoni, akaenda zake. Nilimwita. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Kwa yaliyofuata, nakwambia alivyoona Zena, maana mimi magoti yamenigomea. Kaenda penye mkokoteni wake, langoni mwa soko. Pale pana ukingo wa saruji. Kauweka mkono wake wa kulia juu ya ukingo, kiganja chini. Kachukua kwa kushoto lile jiwe wanalozuilia gurudumu, jiwe la kumwua ng'ombe. Wenzake wanadhani anatania, mmoja anamwambia, "Unatwanga nini, Hamis, karanga?" Akapiga. Zena anasema mlio wake ni kama bua kavu. Akapiga tena. Wakamrukia, akawasukuma kwa bega, akapiga ya tatu. Vidole, Mauza, vilikuwa havijulikani kipi ni kipi.

Akaja nyumbani kwa miguu yake, mkono kaubeba kama mtoto mchanga. Watu wanamfuata nyuma, hakuna anayemgusa. Akasimama pale mlangoni akaniambia, "Mama mkubwa, mwandikie mama. Mwambie nimefanya."

Sasa umeelewa, au nikutajie?

Hakuwa Ilala. Nilikudanganya. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikuwa sijui, katika umati ule sikumwona, nilijua tu kwamba halali nyumbani, na kila Fikirini akisikia sauti yake uani anageukia ukutani. Ni ile picha iliyoniambia. Nilipoinama na yule Mgiriki kutazama nyayo, pale pembeni, penye nyekundu nzito, pana mguu mtupu wa kushoto uliozama kweli, uliokanyaga kwa nguvu, na hauna kidole kidogo. Mimi ndiye niliyemchokoa Hamis funza mguu ule akiwa na miaka minne, wewe ulikuwa huwezi kutazama. Mimi ndiye niliyekizika kile kidole kilipokatika. Basi nikaigeuzia picha ukutani, askari wasiione, na wewe usiione, na mimi nisiione. Lakini Hamis aliniona nikiigeuza.

Usiku nilipokuwa namfunga mkono kanieleza. Anasema alikuja mbio kumwokoa. Wallahi namwamini. Alisukuma watu akafika mpaka kati. Hapo ndipo mtu mmoja, hakunitajia, akapiga kelele: "Na huyu nduguye! Damu moja, kazi moja! Huyu naye mumiani!" Wakamkamata shingo. Wakamwambia, kama wewe si mwenzake, mpige. Anasema alimpiga teke dogo, la uongo. Wakacheka. Wakasema hilo ni busu. Jiwe likampata yeye mgongoni. Akapiga la pili. Anasema la pili nalo alitaka liwe la uongo, lakini mguu haukumsikiliza, na baada ya hapo hajui alipiga mangapi, anajua alipiga kwa ngumi, na kwamba mtu wa chini alikuwa anamwita, "Hamis, Hamis," na yeye aliona kama anamwita ili watu wamjue, akataka anyamaze. Ndipo taya lilipovunjika. Akanyamaza.

Haya ndiyo niliyoyaficha. Nilidhani nikikaa nayo mimi yatakufa na mimi, siku zangu zenyewe si nyingi. Sikujua utaita radhi katikati. Wewe ulitaka mkono wa mtu wa mbali, ukapewa wa tumboni mwako.

Sikwambii umsamehe. Sijui kama mimi nimemsamehe, nampikia tu. Lakini sikia lililo mbele yetu. Mkono umefura mpaka kwenye kiwiko, umekuwa mweusi, unanuka. Homa inapanda. Bwana Yani kaja na motokaa mara mbili kumpeleka hospitali, dakta anasema ukikatwa leo mtu atabaki, ukiachwa utamla. Hataki. Kakaa kama gogo. Anasema, "Mama akituma neno la radhi, wakate. Asipotuma, waniache." Nimempiga, Mauza, nimempiga makofi mtu mgonjwa, hataki. Namwambia mamako ameshasema, mkono ukivunjwa radhi utaipata, si umevunjwa? Anasema, "Mama alisema hivyo hajui mkono ni wangu."

Kwa hiyo nataka neno moja. Tarishi amekaa hapa kizingitini anamngoja Ghanim, hakunywa hata chai. Akifika kwako mpe jibu akiwa amesimama. Kama ni ndiyo, mwambie kwa mdomo, asisubiri wino. Kama ni hapana, basi njoo ulisemee mwenyewe mbele yake, maji ya Jangwani yamepungua, watu wanavuka kiunoni, panda hata mgongo wa mtu.

Nimewalaza chumba kimoja. Usinishangae, chumba kingine kinavuja, na mimi siwezi kukesha milango miwili. Fikirini yuko kitandani, Hamis mkekani chini. Tangu juzi Fikirini hajageuka, ameutazama ule ukuta kama amekatiwa tiketi ya kuutazama. Uji kaukataa. Jana dakta kamfungua kitambaa, kasema taya linaanza kushika, ajaribu maneno madogo madogo. Hakujaribu. Tulimwomba, Zena kamwomba akiwa nje ya mlango, analia. Nikafikiri moyoni, labda hana neno alilobakiwa nalo, au analo moja, na hilo sitaki kulisikia. Maana akimwambia nduguye neno baya sasa hivi, Mauza, yule hatasubiri hata barua yako, ata

Nani huyo?

Ngoja, Ghanim. Nani kaita? Si Zena, Zena yuko uani, namwona. Hiyo ni sauti ya mwanamume. Hebu nyamazeni huko nje!

"Mama mkubwa!"

Ni yeye. Ghanim, ni yeye, sikia, inakwaruza kama mlango mbovu, lakini ni yeye.

"Mama mkubwa, njoo! Hamis anatetemeka. Njoo umfunike blanketi langu, mimi siwezi kumfikia."

Nakuja, baba. Nakuja, nakuja. Ghanim, nishike mkono niinuke, mpe tarishi hiyo karatasi ilivyo, aende.